Bei ya Maneno 60: Nani Anawajibika kwa Lebo ya Kitambaa Kilichotundikwa Hadharani?

Fulana ya bei rahisi kuliko zote katika duka la Marekani ina deni la maelezo kwa mnunuzi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1958 na kuanza kutumika 1960 inataka nyuzi za nguo zitajwe kwa asilimia ya uzito, kuanzia zilizo nyingi hadi zilizo chache, na kila aina inayofikia asilimia 5 itajwe kwa jina lake. Lazima pia ijulikane nguo imetengenezwa nchi gani na ni kampuni ipi inayoijibia. Ulaya ina kanuni yake, namba 1007 ya mwaka 2011. Tanzania tuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ambayo Tume ya Ushindani huitumia kuwabana wanaouza vitu vyenye alama za uongo.

Sasa chukua kitambaa kilichofumwa kwa mkono kwa miezi mingi, kitundike katika ukumbi wa makumbusho, benki au hoteli, usikiuze. Sheria hizo zote zinahusu bidhaa iliyo sokoni. Kitambaa chako hakimo sokoni, kwa hiyo hakuna ofisa wa viwango atakayekuja kuuliza kama ni pamba au hariri, kimefumwa au kimetariziwa, kimetoka Mombasa au Osaka. Fulana ya dola 5 ina mlinzi, lakini kazi ya sanaa yenye thamani mara elfu ya hiyo haina.

Tuanze na kitambaa kinachojulikana dunia nzima. Nje ya ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York, kimetundikwa kitambaa cha kufumwa chenye upana unaozidi mita 6, kinachoonyesha farasi anayelia, mama aliyebeba mtoto mfu, na taa inayomulika yote hayo. Watu hupita na kusema, “Guernica ya Picasso.” Mchoro wenyewe wa Picasso, wa mwaka 1937, una kimo cha sentimita 349 na upana wa sentimita 776, na uko Madrid, katika makumbusho ya Reina Sofía. Mchoro ni mweusi, mweupe na kijivu, ilhali kitambaa cha New York kina rangi za kahawia. Kilifumwa mwaka 1955 nchini Ufaransa na Jacqueline de la Baume Dürrbach, aliyefanya kazi pamoja na mumewe René, kwa agizo la tajiri Nelson Rockefeller, na kwa idhini ya Picasso. Vilifumwa zaidi ya kimoja: vingine viko Colmar, Ufaransa, na Gunma, Japani.

Hesabu wenye shughuli. Kuna aliyechora, kuna aliyefuma, kuna aliyeagiza na ambaye familia yake iliendelea kukimiliki, na kuna mwenye ukuta, yaani Umoja wa Mataifa, uliokipokea kwa mkopo mwaka 1985. Hao ni wahusika wanne kwa kitambaa kimoja, na kila mmoja ana sababu ya kudhani kwamba mwingine ndiye atakayehakikisha maelezo yamekamilika. Februari 2003, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, alipokwenda hapo kutetea vita vya Iraki, kitambaa kilifunikwa kwa pazia la buluu, na mjadala uliozuka ukamhusu Picasso. Mwaka 2021 familia ya Rockefeller ilikichukua, mwaka 2022 ikakirudisha, na safari hii pia jina lililobebwa na habari ni la Picasso. Dürrbach ndiye aliyeketi kwenye mtambo. Katika mji wa Aubusson, kitovu cha ufumaji wa aina hii huko Ufaransa, kadirio linalotajwa kwa kawaida ni kwamba mfumaji mmoja humaliza kama mita moja ya mraba kwa mwezi. Kwa kipimo hicho, kazi ya mita za mraba 20 ni miezi 20 ya mtu mmoja. Lebo inayotaja jina la Picasso peke yake inafuta miezi yote hiyo kwa mstari mmoja.

Lebo yenyewe ni ndogo. Makumbusho ya Victoria na Albert ya London, ambayo ina moja ya hazina kubwa za vitambaa duniani, katika mwongozo wake kwa waandishi wa lebo inapendekeza maneno 50 hadi 60 kwa kitu kimoja. Hapo unatakiwa kumweka aliyebuni, aliyetengeneza kwa mkono, aina ya nyuzi, namna ya utengenezaji, mahali, mwaka, mwenye mali, na bado ubakize nafasi ya kumwambia mtazamaji kwa nini asimame. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayowapa wengi kisingizio. Ukiulizwa kwa nini mfumaji hatajwi, unajibu nafasi haikutosha. Jina la mtu ni maneno mawili au matatu, yasiyozidi asilimia 5 ya maneno 60. Sijawahi kuona lebo iliyokosa nafasi ya kumtaja mfadhili.

Maneno hayo 60 yanagharimu kiasi gani? Niweke hesabu ya mfano, kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na mahali alipo. Tuchukulie makumbusho ya mkoa yanayoandaa maonyesho ya vitambaa 40. Kwa kila kitambaa, mtu anahitaji saa 2 za kukikagua kwa kioo cha kukuzia na darubini, saa 3 za kufungua majalada na kuzungumza na mwenye mali au ukoo wa fundi, saa 2 za kuandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na saa 1 ya mtu wa pili kusoma na kusahihisha. Jumla ni saa 8. Tukilipa saa moja shilingi 15,000, lebo moja ni shilingi 120,000, na lebo 40 ni shilingi milioni 4.8. Kuchapa na kubandika kwenye ubao mgumu, tuseme shilingi 10,000 kila moja: laki 4. Jumla ni milioni 5.2. Katika kila shilingi 100, zaidi kidogo ya 92 ni kazi ya macho na kichwa, na zisizofika 8 ni karatasi na wino.

Bajeti nyingi za maonyesho zina mstari ulioandikwa “uchapaji wa lebo” na hazina mstari wa kazi ile nyingine. Ofisi inayofanya hivyo inalipia zile 8 na kuacha zile 92 zijifanye zenyewe, kwa kunakili kilichoandikwa kwenye daftari la zamani. Daftari nalo liliandikwa na mtu ambaye pengine alipokea vitu 200 kwa siku moja.

Tena vitambaa vina balaa ambalo sanamu ya jiwe haina. Mwanga unavila. Mwongozo namba 157 wa mwaka 2004 wa Tume ya Kimataifa ya Mwangaza unaviweka vitu vya makumbusho katika makundi kwa udhaifu wake mbele ya mwanga. Nguo na vitambaa vingi vya ukutani viko kundi la kati: mwanga usizidi luksi 50, na kwa mwaka mzima jumla isizidi luksi-saa 150,000. Hariri na rangi zinazojulikana kupauka upesi ziko kundi la juu: luksi 50 zilezile, lakini jumla ya mwaka ni luksi-saa 15,000. Piga hesabu. Ukumbi unaowasha taa za luksi 50 kwa saa 8 kwa siku unatumia luksi-saa 400 kila siku. Kitambaa cha kawaida kinaweza kukaa humo siku 375, yaani mwaka na siku kadhaa. Hariri inamaliza mgawo wake wa mwaka baada ya siku 37 na nusu.

Hapo ndipo neno moja kwenye lebo linapogeuka kuwa fedha. Anayeamua kitu kikae ukutani muda gani mara nyingi haanzi kwa darubini. Anaanza kwa kusoma jalada na lebo. Hariri iliyoandikwa “pamba” itatundikwa mara kumi ya muda unaoruhusiwa, na hakuna atakayegundua mpaka nyekundu igeuke waridi. Kosa la kinyume nalo lipo: nyuzi za rayoni, ambazo mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa kwa jina la hariri bandia, hung’aa kiasi cha kumdanganya hata mzoefu. Jina la rayoni lilianza kutumika Marekani mwaka 1924, kwa hiyo karatasi za mauzo za kabla ya hapo zinaweza kuandika hariri palipo na kitu kingine kabisa. Kipande kidogo cha uzi chini ya darubini kinatatua swali hilo kwa dakika chache. Uchunguzi wa rangi katika maabara ndio ghali, na huo unaweza kuachwa kwa vitu vichache vyenye utata wa kweli.

Ukumbi wa hoteli au benki ni mbaya zaidi. Tuseme kitambaa kimewekwa karibu na dirisha kubwa na kinapata luksi 2,000, kiwango ambacho mchana wa pwani yetu hukifikia bila taabu. Kwa kitambaa cha kundi la kati, mgawo wa mwaka unaisha baada ya saa 75, kama siku 9. Hariri inamaliza mgawo wake kwa saa 7 na nusu, kabla jua la siku ya kwanza halijatua. Mapambo haya ya maofisini mara nyingi hayana lebo kabisa, au yana kibao kinachosema “sanaa ya Kiafrika”, maneno ambayo hayamsaidii mtazamaji wala mfagizi anayefungua pazia asubuhi.

Ukubwa wa kazi usifichwe, maana ndio utetezi wa kwanza wa makumbusho, na una ukweli ndani yake. Makumbusho ya Uingereza ya London yanasema yana vitu visivyopungua milioni 8, na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000, asilimia 1. Kwa saa 8 kila kimoja, kuhakiki hivyo 80,000 peke yake kungetaka saa 640,000. Mtu mmoja akifanya kazi saa 1,800 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya miaka 355. Hakuna taasisi itakayofanya hivyo kwa mkupuo. Hesabu hiyohiyo inasema pia kwamba vilivyobaki, asilimia 99, haviko ukutani leo. Kinachohitajika ni kuhakiki kitu kabla hakijatoka ghalani, kimoja kimoja, kwa sababu kwa vitambaa mwanga wenyewe unalazimisha zamu. Makumbusho yetu ya mfano yenye nafasi 40 yakibadilisha vitambaa kila miezi minne yanahitaji lebo 120 kwa mwaka, yaani shilingi milioni 15.6. Ni fedha. Lakini baada ya miaka michache, kitambaa kinachorudi ukutani kinarudi na lebo iliyokwisha kulipiwa.

Kwenye kazi moja kubwa, kosa dogo la asilimia linakuwa umati wa watu. Blanketi la kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI nchini Marekani lilitandazwa mara ya kwanza Washington, Oktoba 1987, likiwa na vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6. Leo lina vipande karibu 50,000, uzito wa tani 54, na majina yanayozidi 110,000. Hapo lebo na sanaa ni kitu kimoja: jina limeshonwa kwenye kitambaa chenyewe, na ndugu au rafiki ndiye aliyelishona. Mtunzaji wa orodha akikosea asilimia 1 tu, amewakosea watu 1,100.

Historia ya mablanketi ya viraka ya Marekani inaonyesha pia kwamba kutotaja majina ni uamuzi, si bahati mbaya. Mwaka 1971 makumbusho ya Whitney, New York, yalitundika mablanketi takriban 60 kama michoro ya kisasa, na sehemu kubwa ya wanawake walioyashona hawakutajwa. Yalisifiwa kwa rangi na maumbo kana kwamba yalijishona. Mwaka 2002 makumbusho ya sanaa ya Houston yakaonyesha mablanketi ya Gee’s Bend, kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, na maonyesho hayo yakafika Whitney ileile. Safari hii kila blanketi lilikuja na jina la mshonaji. Kilichobadilika ni kwamba kuna watu walikwenda kijijini wakauliza. Jina likishajulikana linaweza pia kudai haki zake: baadhi ya wanawake hao walifungua kesi mwaka 2007 kuhusu mapato na matumizi ya kazi zao, na zikamalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata. Blanketi lisilo na jina halina wa kulisemea mahakamani.

Kwa vitambaa vya zamani sana jibu la kweli linaweza kuwa sifuri. Kitambaa cha Bayeux, Ufaransa, kina urefu wa karibu mita 70, vipande 9 vya kitani vilivyoungwa, na picha zote zimetariziwa kwa sufu. Kwa muda mrefu kilisemwa ni kazi ya Malkia Matilda, mke wa mfalme William aliyeiteka England, na wajakazi wake. Leo wanahistoria wengi wanaona kiliagizwa na Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama, na kwamba watarizi walikuwa England. Idadi ya watarizi wanaojulikana kwa majina: 0. Lebo nzuri inasema hivyo waziwazi, haijazi pengo kwa malkia.

Huku kwetu Afrika visingizio vya umri havina nguvu hiyo. Vitambaa vya Wakuba wa Kongo, vinavyofumwa kwa nyuzi za majani ya mwale, vina mgawanyo wa kazi unaofahamika: wanaume hufuma, wanawake hutarizi yale maumbo yanayoonekana kama mahameli. Lebo inayosema “Kuba, karne ya 20” imetaja kabila zima na miaka mia, imeacha kazi ya jinsia zote mbili. Kitambaa cha magome cha Buganda, kilichoingia kwenye orodha ya UNESCO, hakifumwi kabisa. Gome la mti wa mutuba hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka litanuke. Ukikuta kimeandikwa “kimefumwa”, ujue aliyeandika hakukigusa.

Basi nani anawajibika? Kwa upande wa maadili jibu liko wazi. Kanuni za Maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, katika toleo lililorekebishwa mwaka 2004, zinasema katika kipengele cha 4.2 kwamba ni makumbusho yanayopaswa kuhakikisha maelezo kwenye maonyesho yana msingi, ni sahihi, na yanawaheshimu watu yanaowahusu. Halitajwi jukumu la mkopeshaji wala mfadhili. Kwa upande wa sheria jibu lina matundu. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, tangu marekebisho ya 1928 unampa msanii haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi. Lakini Marekani, ilipotunga sheria yake ya haki hizo mwaka 1990, iliorodhesha mchoro, chapa, sanamu na picha za kamera. Vitambaa havimo kwa jina, na sanaa ya vitu vya matumizi ikaondolewa waziwazi. Mwaka huohuo nchi hiyo ilipitisha sheria ya kulinda sanaa za Wahindi Wekundu: anayeuza au kuonyesha kwa ajili ya kuuza blanketi la kuiga akidai ni la Wanavajo anaweza, kwa mzigo wa dola 1,000 au zaidi, kutozwa hadi dola 250,000 na kufungwa hadi miaka 5 kwa kosa la kwanza, kampuni hadi dola milioni 1. Ondoa bei kwenye blanketi hilohilo, liache ukutani likitazamwa tu, na faini inayeyuka.

Mimi naona jibu ni moja: aliyetundika ndiye anayewajibika, hata kama kitu si chake na maelezo kapewa. Mkopeshaji anajibu kwa ukweli wa alichoandika kwenye fomu ya mkopo. Msanii au ukoo wake anajibu kwa alichosimulia. Lakini mtazamaji hawajui hao, anaujua ukuta. Jambo hili halihitaji bunge. Linahitaji kifungu katika mkataba wa mkopo kinachotaja nani anathibitisha nyuzi, nani anathibitisha majina, na siku ngapi zinatolewa kusahihisha kosa likiripotiwa. Kuchapa upya lebo ya shilingi 10,000 ndani ya siku saba ni jambo jepesi kwa taasisi yoyote iliyoweza kulipia taa za ukumbi.

Kanga inatuhusu moja kwa moja, kwa sababu imeshafika kwenye kumbi za London. Mwaka 2013 Makumbusho ya Uingereza yalionyesha kanga katika maonyesho ya vitambaa vya Afrika. Kanga ni kitambaa chepesi kukiandikia lebo na chepesi vilevile kukikosea. Ina pindo, mji na jina. Ukingoni mara nyingi imechapwa alama ya mfanyabiashara na namba ya mtindo. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza mwaka 1887, zinatambulika kwa maneno “Mali ya Abdulla”. Ukiikunja pindo ndani ya fremu ili ipendeze, umeficha ushahidi ambao nguo yenyewe ilikuletea bure. Ukiandika “Kenya” kwa sababu ya jina la duka, huenda umekosea, kwani kanga za wafanyabiashara wa pwani zimechapwa Ulaya, Japani na India kwa miongo mingi kabla na baada ya viwanda vyetu, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza 1968. Lebo inahitaji mistari miwili tofauti: aliyeagiza, na ilikochapwa. Na kanga moja ya sentimita 150 kwa 110 ni nusu ya doti. Lebo iseme hivyo, maana nusu ya pili ilivaliwa na mtu.

Jina la aliyechora mtindo ndilo lisiloonekana popote kwenye kanga, na ndilo litakalotugharimu saa nyingi zaidi kulitafuta. Tuchukulie kwamba siku kitambaa kinapokelewa, kumuuliza anayekileta maswali yote ni saa 1. Akishafariki, saa hiyo inakuwa 8, na huenda zisizae kitu. Kwa hiyo wewe uliye na sanduku la kanga za mama au bibi, andika leo kwenye karatasi, si kwenye nguo: ilinunuliwa mwaka gani, duka gani, kwa tukio gani, nani aliivaa, nani ana nusu ya pili. Iweke karatasi hiyo pamoja na nguo, na siku makumbusho yakija kuiazima, yadai yaisome kabla ya kusaini fomu.